Mabapa ya kuzuia mrama kwa boti ndogo ya familia: tathmini ya jozi iliyotengenezwa Mombasa

Taabu kubwa ya boti ndogo ya familia haiji inapokimbia, bali inaposimama. Mashine ikizimwa nje ya mwamba wa Nyali wakati wa kusi, yaani msimu wa pepo zivumazo kutoka kusini, boti ya faiba yenye tumbo la kuchongoka, ambayo punde tu ilikuwa ikikata maji vizuri, hugeuka ikapokea mawimbi kwa ubavu, ikaanza kwenda mrama, yaani kulala ubavu huu na ubavu huu, na mara watoto wananyamaza na kubadilika rangi. Kifaa ninachokitathmini hapa kimekusudiwa kupunguza hali hiyo. Ni jozi ya mabapa ya alumini yanayoning'inizwa majini, moja kila ubavu, ambayo niliagiza katika karakana moja ya boti upande wa Tudor kwa ajili ya boti yetu yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2.2. Pamoja na kamba na mabomba mawili ya kuyatokeza nje, nililipa shilingi 26,000.

Kila bapa limeundwa kwa vipande viwili vya alumini vyenye unene wa milimita 4, vilivyounganishwa katikati kwa bawaba, na likikunjuka lina ukubwa wa sentimita 60 kwa 45. Kamba nne fupi zinatoka kwenye pembe zake na kukutana katika pingu moja, yaani pete ya kufungia, na kipande cha madini ya risasi kimefungwa chini ili lizame upesi. Ubavu wa boti unapolala, bapa linajifunga kama kitabu na kushuka bila kupingwa na maji. Ubavu unapotaka kuinuka, linafunguka, likayakamata maji na kuuzuia. Wimbi lenyewe haliondoki, lakini boti inanyimwa nafasi ya kulimbikiza msukosuko. Kila chombo kina mwendo wake wa asili wa kulala na kuinuka, na mawimbi yakija kwa mwendo huohuo, kila moja huongeza lililoachwa na lililotangulia; hapo ndipo mrama wa kawaida unapogeuka kuwa adha. Bapa hufanya kazi kwa kuyapunguza hayo malimbikizo kila ubavu unapoinuka.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alielewe ni urefu wa bomba la kutokeza nje, kwa sababu wengi huamua kuokoa pesa papo hapo na kuyafunga mabapa moja kwa moja kwenye ukingo wa boti. Maji humpinga anayeyasukuma kulingana na kasi yake, na kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Katika boti yetu, ukingo uko mita 1.1 kutoka katikati. Bomba likitokeza mita 1.1 nyingine, bapa huwa mbali mara mbili, kwa hiyo hutembea kwa kasi mara mbili kwa mlalo uleule, na ukinzani wake wa mara nne unafanya kazi kwenye mkono wenye urefu mara mbili. Jumla yake ni nguvu ya kuzuia mrama iliyoongezeka mara nane, kwa alumini ileile. Fundi alilijua hili bila kuambiwa na akakataa kuniuzia mabapa bila mabomba, jambo lililonifanya nimwamini. Wahenga wa pwani hii waliotia mbao za ubavuni kwenye ngalawa na kuziweka mbali na chombo walikuwa na elimu iliyo karibu sana na hiyo.

Utendaji wake ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Tukiwa tumetia nanga ndani ya mwamba wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakijaa na mawimbi kuanza kupita juu ya mwamba, chupa ya chai iliyokuwa haiwezi kusimama juu ya kifuniko cha sanduku la barafu sasa inasimama bila kushikwa. Ukiyapandisha mabapa kwa dakika chache tu, chupa inaanguka, na abiria wanaomba yateremshwe tena. Maji yakipwa, mwamba wenyewe huyavunja mawimbi na mabapa huwa hayana kazi; tena ni lazima yatolewe mapema, kwa kuwa huning'inia mita 2.5 chini ya maji, na tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bamvua za Mombasa hukaribia mita 4. Bapa likigonga matumbawe, hasara ni ya matumbawe kwanza. Katika eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, mwenye boti anapaswa kujifunga kwenye boya lililowekwa badala ya kutia nanga, na uangalifu huohuo uyahusu mabapa.

Nje ya mwamba, boti ikielea bila nanga watu wakivua kwa mshipi, mrama unapungua waziwazi, lakini kichefuchefu hakiishi chote. Mabapa yanazuia boti kulala ubavu. Hayazuii chombo kizima kupandishwa na kushushwa na wimbi, na mwendo huo wa kupanda na kushuka, hasa ukirudia takriban kila sekunde tano, ndio unaoudhi mwili kuliko mwingine. Kwa hiyo atakayenunua kifaa hiki asiache tahadhari nyingine. Mwenye dalili akae katikati ya boti kuelekea tezi, yaani nyuma, mahali penye msukosuko mdogo, na atazame upeo wa macho, kwa kuwa kichefuchefu hutokana na sikio la ndani kuhisi mwendo ambao macho yaliyoinamia simu hayauoni. Watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaoathirika zaidi. Dawa kama cinnarizine hufaa ikimezwa saa mbili hivi kabla ya safari, si baada ya kutapika, na kwa mtoto ni lazima mfamasia aulizwe kwanza. Kwa kuwa nyingi ya dawa hizi huleta usingizi, anayeshika usukani asizitumie.

Ipo pia hila isiyogharimu chochote zaidi ya kamba. Kwenye mdomo wa mkondo wa Tudor, maji yanayopwa huigeuza boti iliyotia nanga ikapokea mawimbi kwa ubavu. Ukifunga kamba ya pili kwenye amari, yaani kamba ya nanga, na kuileta hadi tezi, kisha ukaivuta kidogo kidogo, omo, yaani sehemu ya mbele, huelekea kwenye mawimbi, na mrama hupungua hata kabla ya bapa kuguswa. Vyote viwili vikitumika pamoja, wazee hulala usingizi ndani ya boti.

Kuna watakaouliza kwa nini nisinunue mtambo wa jairo, yaani wa gurudumu linalozunguka kwa kasi ili kuituliza boti. Seakeeper 1, uliokusudiwa boti za ukubwa kama wetu, una gurudumu zito linalozunguka ndani ya chumba kisicho na hewa kwa kasi inayofikia mizunguko 9,750 kwa dakika, na hutumia umeme wa volti 12. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Otto Schlick alilijaribu kwenye boti iliyoitwa See-Bar mwaka 1906. Faida yake ni kwamba hauna kitu cha kuning'inia majini na huendelea kufanya kazi boti ikiwa mwendoni. Hata hivyo una uzito wa takriban kilo 165, sawa na abiria wawili wazito, unasubiriwa hadi gurudumu lishike kasi, unadai betri na chaji ya kutosha, na bei yake inaweza kushinda thamani ya boti nyingi zilizofungwa Mtwapa. Kwa familia inayotoka wikendi, siuoni kuwa matumizi ya busara.

Mabapa yana kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine haiwezi kuwashwa kabla hayajapandishwa, la sivyo kamba itaingia kwenye rafadha, yaani pangaboi la mashine, hivyo kila mtu mzima aliye botini afundishwe kuyapandisha, kwani dhoruba ya ghafla haimngoji nahodha. Ya pili inamhusu fundi. Alifunga bawaba za chuma cha pua moja kwa moja kwenye alumini, na metali hizo mbili zikigusana katika maji ya chumvi, alumini huliwa. Unga mweupe ulianza kuonekana kuzunguka misumari kabla kusi haijaisha. Nilipoyarudisha, aliyatengeneza bila malipo, akatia pete za plastiki kati ya metali hizo na grisi kwenye kila tundu, na tangu hapo unga haujaonekana tena. Atakayeagiza adai pete hizo tangu mwanzo, ayasuuze mabapa kwa maji yasiyo na chumvi kila arudipo, na kama boti yake inazidi mita 8, aombe mabapa mapana zaidi, mabomba mazito na kamba ya kulifunga kila bomba mbele na nyuma, kwa sababu mvuto wa bapa lililofunguka ghafla unaweza kukunja bomba jembamba.