Black metal ya Norwei: ununue ipi kwanza, na toleo lipi usiliguse

Mwezi uliopita niliacha krona 429 kwenye duka moja hapa Bergen, nikarudi nyumbani mvua ikininyeshea mgongoni na santuri nimeikumbatia ndani ya koti isilowe. Toleo jipya, gramu 180, jalada la kufunguka katikati. Albamu yenyewe naijua kama njia ya kazini. CD yake nilipewa mwaka wangu wa kwanza hapa na mwenzangu wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, mtu mzima mwenye mvi mpaka mabegani, akaniambia niisikilize nikiwa peke yangu na taa nimezima. Basi nikashusha sindano. Hazikupita sekunde kumi nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nyimbo zilikuwa zilezile, mpangilio uleule. Chumba ndicho hakikuwepo.

Sitaitaja albamu wala duka, kwa sababu kosa hili limeenea kila mahali. Dada mmoja wa Nairobi aliniandikia kwamba amenunua black metal, huu muziki wa gitaa za kasi na sauti za kukoroma nilioupigia debe mwaka mzima, na anachosikia ni feni mbovu tu. Kaka wa Dar naye akasema vivyo hivyo, ila yeye alisema blenda. Masikio yao hayana tatizo. Waliuziwa matoleo yaliyobanwa, na hakuna aliyewaonya.

Ninachokisikiliza kabla ya kingine chochote

Uzito wa santuri, rangi yake, mabango yaliyomo ndani, hata utamu wa nyimbo, hayo mtayakuta kwa wengine. Mimi nasikiliza mkia wa ngoma.

Piga kofi ndani ya chumba kilichojaa magodoro, kisha ukapige kofi lilelile ndani ya ghala tupu bandarini. La pili linaondoka, linagonga ukuta wa mbali, linarudi limechoka. Huo mwendo wa kurudi ndio mkia, na kwenye rekodi za Norwei za mwanzo wa miaka ya 1990 mkia ndio unaobeba ile hali tunayoifuata: baridi, umbali, hisia kwamba wapigaji wako ng'ambo ya bonde usiku. Gitaa za muziki huu hazipumui. Zinakwenda kwa kasi bila kituo, kama mvua ya hapa. Kwa hiyo nafasi ya mkia kusikika ni nyembamba sana, ni ule upenyo mdogo kati ya pigo moja la ngoma na jingine.

Sasa anakuja fundi wa mastaringi, yule anayeipa rekodi sauti yake ya mwisho kabla haijachapwa, ameagizwa toleo jipya lisikike kwa nguvu kama muziki wa leo. CD ina kikomo cha sauti, haiwezi kupita hapo. Njia iliyobaki ni kukata vichwa vya mapigo makubwa, kisha kuinua vilivyobaki vyote. Pigo la ngoma linapungua kimo, gitaa linapanda mpaka usawa wake, matoazi yanamezwa, na ule upenyo unazibwa. Muziki wa aina nyingine unaweza kuvumilia haya. Huu hauwezi, maana tangu mwanzo ulikuwa na upenyo mdogo tu. Ndipo mtu anaponiandikia kuhusu feni.

Kipimo changu ni rahisi na hakihitaji mashine ya gharama. Fungua wimbo wa toleo hilo kwenye Audacity, programu ya bure inayokuchorea sauti. Ukiona milima na mabonde, nunua. Ukiona tofali moja refu lililojaa juu mpaka chini, acha.

Albamu, kwa mpangilio wangu

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Grieghallen. Ni ukumbi mkubwa wa vioo na zege katikati ya Bergen, umebeba jina la mtunzi Edvard Grieg, ulifunguliwa 1978, na orkestra ya jiji ndimo inamopigia. Ndani ya jengo hilo hilo mlikuwa na studio, na fundi wake Eirik Hundvin, ambaye wote wanamwita Pytten, ndiye aliyezirekodi bendi za Mayhem, Emperor, Immortal, Enslaved na Gorgoroth. Nikikuta jina la Pytten nyuma ya jalada, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Nina upendeleo na siufichi. Kila nikipita pale na mwavuli natazama vile vioo nikikumbuka kwamba vijana wa miaka ishirini hivi waliingia humo na gitaa zao wakatoka na sauti ambayo dunia nzima imeiga na haijaipata.

Ya kwanza: Mayhem, *De Mysteriis Dom Sathanas*. Ilirekodiwa Grieghallen 1992 na 1993, ikatoka 1994. Kama utanunua moja tu maishani, nunua hii, kwa sababu ngoma za Hellhammer hapa ndizo zenye mkia mrefu kuliko zote ninazozijua. Weka "Freezing Moon". Unaanza polepole, gitaa likidondosha noti moja moja, na kila ngoma inapopigwa unasikia ukubwa wa mahali. Baadaye mwendo unakuwa wa mbio na bado ule ukubwa haupotei. Juu yake kuna Attila Csihar kutoka Hungaria, anayekoroma na kuimba kama padri aliyefungiwa ndani ya kaburi. Lazima pia ujue unanunua nini. Mpiga gitaa Euronymous aliuawa Agosti 1993, na aliyemuua, Varg Vikernes, ndiye anayepiga besi kwenye rekodi hiyo hiyo. Nimeisikiliza miaka yote hii na jambo hilo halijawahi kuwa jepesi kwangu.

Ya pili: Emperor, *In the Nightside Eclipse*. Grieghallen tena, Julai 1993. Kinanda kimewekwa nyuma kabisa, kimetandazwa kama ukungu, na hapo ndipo toleo baya linapojiumbua haraka. Kwenye nakala nzuri unasikia tabaka tatu: gitaa mbele, ngoma katikati, kile kinanda kama kwaya nyuma ya mlima. Kwenye nakala iliyobanwa tabaka zote zimelaliana. Tafuta CD ya zamani ya lebo ya Candlelight, namba CANDLE 008.

Ya tatu: Darkthrone, *A Blaze in the Northern Sky*. Hii haikutoka Bergen. Ilirekodiwa Agosti 1991 katika studio ya Creative kule Kolbotn, karibu na Oslo, ikatoka mwaka uliofuata. Peaceville, lebo yao ya Uingereza, walikuwa wakitarajia albamu ya pili ya death metal, aina nyingine ya metal. Walipoletewa hii walitaka ichanganywe upya, vijana wakakataa katakata. Wimbo wa kwanza unapita dakika 10 na unaanza kwa sauti za watu kama wanaoomba ndani ya pango, kabla gitaa halijafungua mlango. Sauti yake ni kavu kuliko za Grieghallen, mkia wake mfupi, lakini upo na ni wa kweli. Peaceville pia nawaheshimu kwa kutoiacha albamu hii ipotee madukani.

Ya nne: Darkthrone tena, *Transilvanian Hunger*, 1994. Hapa kipimo changu cha mkia hakifanyi kazi, na nakiri hilo. Fenriz wa bendi hiyo alipiga vyombo vyote peke yake nyumbani kwa mashine ya kanda ya njia nne, kisha mwenzake Nocturno Culto akaongeza sauti. Hakuna ukumbi. Kuna gitaa jembamba kama waya na ngoma zinazokwenda mwendo mmoja mpaka unasahau kwamba zipo. Unachotakiwa kusikia ni pumzi ya kanda yenyewe, ule mchirizo wa nyuma. Toleo lililosafishwa mchirizo huo limeua rekodi. Na hapa ndipo mahali pekee ambapo sikushauri kukimbilia nakala ya kwanza kabisa: nyuma ya jalada lake palichapwa maneno ya kujigamba kwa "Uarya", yaani ubora wa watu weupe, ambayo matoleo ya baadaye yaliyaondoa. Mimi mwanamke wa Tanga siwezi kuyaweka maneno hayo kwenye rafu yangu. Nina la baadaye, linasikika vizuri, na nalala.

Ya tano: Immortal, *Pure Holocaust*, 1993, Pytten tena. Kasi tupu na theluji. Inachosha nikiisikiliza yote kwa mkupuo, ndiyo maana iko hapa chini, lakini kwa dakika kumi za kwanza hakuna kinachoishinda kwa baridi.

Mtaniuliza kuhusu Burzum, bendi ya mtu mmoja ya yule Varg Vikernes, kwa sababu mnaniuliza kila mara. *Filosofem* ilirekodiwa Machi 1993, ikatoka 1996, na kwa upande wa sauti ni somo zima: gitaa limepitishwa kwenye amplifaya ya redio ya nyumbani badala ya ile ya gitaa, na uimbaji umenaswa kwa kipaza sauti duni cha hedfoni. Lakini mwenyewe ndiye yule aliyeua, na 2014 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani kwa kuchochea chuki ya rangi. Ukiitaka, nunua iliyotumika kwa mtu binafsi. Senti yangu haitamfikia, wala nisingependa yako imfikie.

*Nattens Madrigal* ya Ulver, 1997: inatoboa masikio kwa makusudi. Ngoja mpaka uwe umezizoea zile tano za juu. Na ile hadithi kwamba waliirekodi msituni ni hadithi tu.

CD, santuri, na vingine

Nunua CD iliyotumika ya miaka ya 1990. Najua santuri ni nzuri machoni, nami ninazo. Lakini CD nyingi za wakati ule zilitengenezwa kabla ya mashindano ya makelele, yaani kubana rekodi ili kila moja isikike kwa nguvu kuliko nyingine, na mkia umo.

Santuri ina kidonda chake ambacho wauzaji hawakitaji. Inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo mpaka mwisho, ila duara la ndani ni fupi kuliko la nje, kwa hiyo kadiri sindano inavyokaribia katikati, mfereji unaopita chini yake kila sekunde unazidi kuwa mfupi. Sauti nyembamba za juu ndizo zinazoumia kwanza, na muziki huu karibu wote ni sauti nyembamba za juu. *De Mysteriis* ina dakika 46, yaani kama 23 kila upande. Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, ule ambao Attila anaimba kama yuko kwenye ibada, unaangukia kule ndani kabisa. Kwa sindano yangu matoazi yake yanakuwa kama karatasi inayochanwa. Kwenye CD yanalia sawasawa mpaka mwisho. Kama lazima iwe santuri, chagua iliyogawanywa kwenye sahani mbili.

Faili za kupakua zisizopunguzwa ni sawa, mradi umejua zimetoka kwenye mastaringi ipi. MP3 za kilobiti 128 na kaseti za kurudufiwa, achana nazo. Matoazi yanakuwa maji yanayochemka.

Wauzaji, sasa

Kinachoniuma ni kwamba ninyi ndio mnaojua mnachouza na hamsemi. Mnabandika kijikaratasi cha dhahabu "mastaringi mpya" kana kwamba ni sifa, hamwandiki ni nani aliyeifanya, ametumia kanda ya asili au faili la CD, mwaka gani. Maziwa ya krona 25 yana maelezo mengi nyuma kuliko santuri ya krona 429. Siku ile nilipouliza, kijana wa kaunta aliniuliza kama namnunulia mume wangu zawadi. Nilirudia swali langu. Akasema toleo jipya huwa ndilo bora. Niliporudi nayo, akasema santuri ikishafunguliwa hairudishwi, na mtu atajuaje inasikikaje bila kuifungua?

Halafu bei. Hapa Norwei kitabu hakitozwi kodi ya ongezeko la thamani, lakini rekodi inatozwa asilimia 25, kana kwamba alichokifanya Pytten hakistahili kukaa rafu moja na riwaya. Na CD zilizotumika, ambazo miaka michache iliyopita watu walikuwa wakizitupa kwenye maboksi, zimeanza kupanda kwa sababu walanguzi wamegundua tunachokitafuta. Kwa hiyo unapoandikiana na muuzaji, usimuulize kama CD iko vizuri. Mwombe picha ya upande wa chini wenye mng'ao, pale karibu na tundu palipochongwa namba inayoonyesha ni toleo lipi. Muuzaji mkweli atakutumia siku hiyohiyo. Anayekwepa, mwache.

Mdogo wangu yuko Tanga. Nilimtumia ile CD ya Emperor, na nauli ya posta ikapita bei ya CD yenyewe. Miaka miwili alikuwa ameisikiliza kwenye simu, toleo lililobanwa, akaniambia waziwazi kwamba haoni ninachokiona. Alichomeka CD kwenye redio ya zamani ya marehemu baba, ile yenye spika za mbao. Usiku huohuo akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia muziki ukiendelea, akauliza: "Dada, hawa wanaoimba kule nyuma ni akina nani?"

Nikamwambia ni kinanda.