Tovuti ya tiketi chee za kuungaunga: nyota mbili, na hizo mbili nimejikaza

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asome apite: nyota mbili kati ya tano. Jina la tovuti silitaji, zipo kibao za aina hii na zinafanana mpaka rangi za vitufe, ukiielewa moja umezielewa zote. Naongelea hizi zinazokutafutia ndege kwa kuchukua tiketi ya shirika hili na kuiunga na ya shirika lingine ambalo halina undugu nalo wowote, halafu unaonyeshwa kama safari moja iliyonyooka, bei chini, unalipa mara moja, umemaliza. Ukiwa kijana unasoma au unatafuta maisha nchi ya watu, hela yenyewe ya mawazo, hapa ndo unapokimbilia kwanza, na mimi nimezitumia vya kutosha kwa hiyo siongei vya kusikia.

Mazuri yapo na tuyaseme. Kutafuta ni raha, kuna kalenda inakuonyesha siku zipi bei imelala, unaweza ukaandika unakotoka tu ukaacha unakokwenda wazi ikakuletea popote hela yako inapofika, apu nyepesi haili bando, malipo hayasumbui. Na bei kweli iko chini, hapo siwasingizii. Kama ndege yako ni moja tu, haiungi popote, na mzigo wako ni begi la mgongoni, we kata tiketi uende zako, huna kesi.

Kesi iko kwenye maandishi ya kijivu, madogo balaa, chini ya muda wa kusubiri, yanayosema abiria atajiunganisha mwenyewe. Hayo maneno yangetakiwa yawe mekundu na ya ukubwa wa kichwa cha habari. Maana yake una tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka kiti chako kitupu na hakuna wa kumlaumu, shirika la kwanza linasema sisi tumekufikisha, la pili linasema sisi hatukukuona. Begi nalo halipitilizi. Angalia ile karatasi wanayoizungusha kwenye mshikio wa begi pale kaunta, ina herufi tatu kubwa za kiwanja ambapo begi linaishia, ukikuta ni herufi za kiwanja cha katikati basi mbebaji ni wewe, utatoka mpaka kwenye mkanda, utasubiri begi, utaliburuta mpaka kaunta za juu, foleni upya, ukaguzi upya, mkanda wa suruali vua upya. Yale masaa mawili kwenye ratiba yanaishia hapo.

Sasa kutoka kuchukua begi ni kuingia nchi ya watu, na hapa ndo unaona kabisa kwamba waliotengeneza hizi tovuti wana pasipoti ambazo hazijawahi kuulizwa swali. Kwa tiketi moja ya kawaida unaweza kukaa upande wa tranziti ukasubiri ndege yako bila kugusa uhamiaji, ingawa hata hapo Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kuna raia wa nchi 12, wakiwemo wa Kongo DRC, Ethiopia, Somalia, Nigeria na Ghana, wanaotakiwa viza ya tranziti hata kama hawatoki nje ya uwanja, labda uwe na kibali cha ukaazi cha baadhi ya nchi. Ila kwa hii ya kuungaunga yenye begi la kukabidhi unahitaji viza ya kuingia kabisa, mgeni rasmi. Marekani wao hawana kabisa huo upande wa tranziti, hata uwe na tiketi moja unapita uhamiaji, kwa hiyo viza unayo au hupiti. Na tovuti inajua uraia wako! Imekulazimisha ujaze namba ya pasipoti, nchi iliyoitoa, mpaka tarehe ya kuisha. Lakini haitoi hata onyo moja kabla ya kulipa, ukishalipa ndo inakutumia risiti ndefu na kule chini kabisa wameandika nyaraka za safari ni jukumu la abiria.

Na usitegemee huruma ya kaunta. Wale wanatumia mfumo wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, unaitwa Timatic, wanaingiza uraia wako, unakopita, unakokwenda, na mfumo ukigoma umegoma, maana shirika likibeba mtu asiye na nyaraka linaweza kupigwa faini na kumrudisha ni juu yake. Kuna rafiki yangu kadi yake ya ukaazi ilikuwa imeisha, ameshaomba mpya, ana barua rasmi yenye muhuri inayosema anaendelea kuwa mkaazi halali, kaunta ya ndege ya pili wakaigeuza barua mbele nyuma wakamrudishia. Tiketi ya kwanza ilishatumika, ya pili ikafa. Kwa sisi tunaoishi kwa vibali vya kuhuisha huhuisha hii ni muhimu kuliko bei.

Yangu mimi ilikuwa ya imeili. Ndege ya pili iliwahishwa, kutoka jioni kuja asubuhi ya siku hiyohiyo, na mimi natua mchana, kwa hiyo hapo hata ungekimbia kama swala hufiki. Taarifa sijaiona popote, sio kwenye spamu, sio kwenye apu, apu bado inanionyesha jioni na alama ya tiki ya kijani. Dada wa kaunta akanigeuzia skrini akauliza hii imeili ni yako? Mlolongo wa herufi na namba, mwishoni jina la tovuti. Yaani walipokata tiketi waliweka imeili yao badala ya yangu niliyojaza, ili mawasiliano yote yapitie kwao, halafu yakifika kwao yanakaa hukohuko. Shirika la ndege lilishatuma taarifa na kukumbushia. Dada wa watu akanionyesha mpaka tarehe walizotuma, hana cha kufanya, ndege imeshaondoka, na kwake mimi ni abiria ambaye hakutokea.

Hapo ndo nikakutana na huduma kwa wateja, na kama ingekuwa nyota za hiyo peke yake ningetoa sifuri. Ni chati ya roboti. Unaeleza msiba wako wote, inakujibu pole kwa usumbufu, je tatizo limetatuliwa, vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ukibonyeza Hapana inakurudisha mwanzo ikakuuliza jina. Namba ya simu ipo lakini ni ya kupiga nje ya nchi na laini yangu haina rominga, intaneti ya uwanja ni bure ila inataka kwanza ikutumie namba ya siri kwa meseji, kwenye laini ileile isiyoshika mtandao. Nikaazima simu ya mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya pembeni, Mungu ampe maisha marefu, hakuniuliza hata kwa nini.

Nililipia na ile garantii yao ya ziada, ambayo kwenye tangazo inasema ukikosa koneksheni watakupangia safari nyingine. Wanakupangia, sikatai. Ila masharti: uripoti kupitia apu yao tu, ndani ya muda wao, na uchague kati ya wanachokupa au krediti ya kutumia kwao tena. Walichonipa ni ndege ya kesho yake inayotoka kiwanja kingine cha mji uleule, upande wa pili kabisa wa mji, nauli ya kwenda huko juu yangu, malazi juu yangu. Nililala kwenye mabenchi yenye vyuma vya kuwekea mikono katikati, vile vinavyowekwa makusudi mtu asijinyooshe, kiyoyozi kinapuliza usiku kucha. Ukipanda na begi la kukabidhi weka sweta kwenye mkoba wa mkononi, sina zaidi.

Hilo la viwanja mbili-tatu katika mji mmoja hawaliweki wazi hata kidogo. Kwenye tovuti unaona London kisha London, unajua umefika, kumbe London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend, na kutoka kimoja kwenda kingine inaweza kuwa safari ya kujitegemea. Kuna Beauvais inauzwa kama Paris wakati iko kama kilomita 80 kutoka Paris. Tokyo nako Narita na Haneda ni pande mbili tofauti kabisa. Soma zile herufi tatu za kiwanja, jina la mji halikusaidii. Na ukiona ndege ya saa 00:20 tarehe 15, hiyo ni usiku wa kuamkia 15, uwanjani unatakiwa tarehe 14 jioni, wengi wameachwa hapo.

Kitu kingine ambacho bei ya chini inakunyang'anya kimyakimya ni haki zako. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inakupa fidia ya euro 250 mpaka 600 kulingana na umbali, ukifika umechelewa saa 3 au zaidi na kosa ni la shirika. Kwa tiketi moja wanahesabu ulivyochelewa kufika mwisho wa safari, kwa hiyo ndege ya kwanza ikichelewa saa moja ukakosa ya pili ukafika kesho, unadai. Kwa tiketi mbili kila moja inahesabiwa kivyake: ya kwanza imechelewa saa moja tu, haifiki saa 3, hulipwi kitu, ya pili haikuchelewa kabisa. Mtu unalala uwanjani na kisheria hakuna ndege iliyochelewa.

Kwenye mabegi walau Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unakulinda hata na tiketi za namna hii, ila ni kwa kila shirika na kipande chake. Begi lisipotokea usitoke ukumbini kabla hujaandikisha ripoti na kupewa namba, lililovunjika una siku 7 kulalamika kwa maandishi, lililochelewa siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisipoonekana mpaka siku 21 zipite linahesabika limepotea. Tovuti yenyewe ukiwauliza habari za begi watakujibu wasiliana na shirika, na kwa hili wako sahihi.

Kwa hiyo mimi siku hizi naitumia kutafuta tu. Naangalia bei, naona ni mashirika gani, naenda kukata kwenye tovuti ya shirika lenyewe, mara nyingi tofauti sio kubwa kihivyo na imeili inayoandikwa ni yangu. Na kwa ndege za kuingia au kutoka Marekani, ukikata kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya safari, linatakiwa likuruhusu kufuta bure ndani ya saa 24 au likushikie bei kwa muda huo bila kulipa, wakala wa mtandaoni hiyo sheria haimbani. Kama umeshakata kwao, chukua ile kodi ya bukingi yenye herufi na tarakimu sita, ingia kwenye tovuti ya kila shirika, angalia imeili na simu zilizoandikwa ni za nani, zikiwa zao badilisha, na uichungulie ratiba hukohuko, achana na tiki ya kijani ya apu.

Refandi ya ile tiketi niliyoikosa inasomeka inashughulikiwa. Krediti nimekataa. Wakirudisha hela nakuja kuongeza nyota hapahapa.