FFmpeg na PSP ya mdogo wangu: uzoefu wangu wa kuchomelea maandishi kwenye muvi

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye yuko pale nilipokuwa mimi mwezi wa nne, PSP (ile mashine ndogo ya gemu ya Sony) iko mkononi, muvi iko kwenye kompyuta, faili la maandishi ya Kiswahili lipo pembeni, na hivyo vitu havitaki kabisa kukaa pamoja. Kwangu vimekubali, ila imenichukua karibu wiki tatu za usiku, na sioni sababu ya mwingine kuzunguka vile.

Nianze na PSP yenyewe kwa sababu najua mtu atauliza kwa nini nisimpe dogo simu. Mdogo wangu ana miaka 12, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo sana, sikio la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia kidogo. Mama hataki awe na simu bado, na mimi namuelewa. PSP hii ni ile ya 3000, baba mdogo alimnunulia Kariakoo ikiwa imetumika, haina laini, haina bando, haina mtu wa kumpigia usiku, na dogo anaipenda kwa gemu za mpira. Siku moja akaniuliza kama inaweza kuonyesha muvi. Nikamwambia inaweza. Hapo ndo kazi ikaanza.

Mtaani kwetu watoto wote wanaangalia muvi za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anaongea Kiswahili juu ya sauti ya muvi mwanzo mpaka mwisho. Ni nzuri na mimi nimekua nazo, ila kwa mtoto asiyesikia ni kama hakuna kilichotafsiriwa. Anakaa nao, wenzake wanacheka, yeye anaangalia midomo ya Wachina na sura za wenzake. Kwa hiyo kwake maandishi ndo muvi yenyewe.

Sasa kwa nini nasema kuchomelea. Kawaida maandishi ya chini yanakuja kama faili dogo la pembeni lenye mwisho wa .srt, ukilifungua na Notepad unakuta namba, muda na maneno, basi. VLC, ile programu ya kuangalia video kwenye kompyuta, inalisoma na kuyaweka juu ya picha, na ukitaka unayazima. PSP haifanyi hivyo kwa video unayoiweka mwenyewe kwenye kadi. Zile diski zake za UMD zilikuwa na maandishi ya kuchagua lakini video ya kwenye kadi inaonyesha picha na sauti tu, faili la pembeni hata haliangalii. Kwa hiyo inabidi maneno yaingie ndani ya picha, yawe sehemu ya picha kama rangi ya ukuta, hayatoki tena. Ukikosea herufi moja unarudia muvi nzima.

Nilianza na programu moja ya kulipia ambayo siitaji jina, niliipakua toleo la majaribio, na kiukweli kwa macho ilikuwa nzuri, unabonyeza picha ya PSP inafanya yenyewe. Nimesubiri karibu lisaa, nimehamisha kwenye kadi, dogo amekaa kitandani amejiandaa kabisa, muvi inaanza na katikati ya skrini kuna nembo yao kubwa imekaa hapo hapo, na baada ya dakika chache video imekatika kwa sababu sijalipia. Hakulia ila alinirudishia PSP akageukia ukutani. Sitaki kuisema vibaya zaidi, wanauza bidhaa yao, ila waandike wazi kabla mtu hajapoteza usiku wake.

Baada ya hapo ndo nikaingia FFmpeg. Hii ni programu ya bure, ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na programu nyingi za kukonvati video unazoziona zenye vitufe vizuri ndani yake zinatumia hiyo hiyo. Yenyewe haina vitufe. Unafungua lile dirisha jeusi la Windows unaandika amri, ukikosea nukta moja inakataa. Nilitishika siku ya kwanza, siku ya tatu nikawa sitaki kingine, kwa sababu kila kitu nakiamua mimi na hakuna nembo ya mtu.

Amri yangu ya sasa ni hii, nimeitumia kwenye muvi zaidi ya kumi:

ffmpeg -i muvi.mkv -vf "scale=480:200,pad=480:272:0:0,subtitles=muvi.srt:force_style='FontSize=26,MarginV=6'" -c:v libx264 -profile:v baseline -level 3.0 -pix_fmt yuv420p -b:v 500k -c:a aac -b:a 96k -ar 48000 -ac 2 -f psp muvi.mp4

Ukiangalia mwishoni kuna -f psp, yaani watengenezaji waliiwekea PSP umbo lake maalumu la faili la MP4 na mpaka leo lipo. Nilipoliona hilo nilifurahi sana, mashine imetoka Japani Desemba 2004 na bado kuna mtu anaitunza.

Skrini ya PSP ni pikseli 480 kwa 272. Kwa hesabu ya kawaida ya skrini pana ilitakiwa iwe 270, lakini video ya H.264 (ndo aina ya video inayotoka, ile libx264 kwenye amri) inakatwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, na 272 inagawanyika kwa 16 bila kubaki kitu, ndo maana. Ukikuta maelekezo ya zamani yanakwambia ubane picha mpaka 320 kwa 240 achana nayo, hayo yalikuwa ya kabla ya programu ya ndani ya PSP toleo la 3.30 la mwaka 2007. Ya dogo ina 6.61 na 480 kwa 272 inacheza bila shida.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Muvi yangu ya kwanza ilikuwa 1920 kwa 800, ile pana sana, ukiipunguza mpaka upana wa 480 urefu unabaki 200 tu. Zinabaki pikseli 72 ambazo kwa kawaida zinagawanywa, ufito mweusi juu na ufito mweusi chini. Mimi nikaisukuma picha yote juu, ndo hiyo pad yenye 0:0, nafasi yote nyeusi ikakaa chini kwa pamoja, na maneno yakaingia humo. Mistari miwili inaenea vizuri, nyeupe juu ya nyeusi, hayamfuniki mtu uso. Na kwa dogo hili ni kubwa kwa sababu yeye anasoma maneno na anasoma midomo kwa pamoja, maandishi yakikaa kwenye kidevu cha mtu umemnyang'anya nusu ya habari. Sijui kwa nini watu wengi hawafanyi hivi. Kwa muvi ambazo ni 1920 kwa 1080 huo ujanja haupo, naandika scale=480:272 natoa pad, maneno yanakaa juu ya picha na inabidi ukubali.

Mpangilio wa hizo amri una maana. Punguza picha kwanza, alafu ndo andika maneno. Mimi mwanzo nilifanya kinyume, nikaandika maneno kwenye picha kubwa alafu nikaipunguza yote kwa pamoja, herufi zikatoka na ukungu, e na c huzitofautishi. Na ukubwa pia, faili la srt FFmpeg inalipa kipimo chake ambapo ni kama skrini ina urefu wa 288, saizi ya kawaida ni 16, kwa PSP hiyo inakuwa kama pikseli 15, kwenye kioo cha inchi 4.3 mtoto anakodoa macho mpaka anachoka. Nilipandisha 20, kisha 22, nikamuuliza mwenyewe kila mara, akasimama kwenye 26.

Mambo madogo ambayo yalinila muda bila sababu: weka muvi na srt kwenye folda moja, majina mafupi yasiyo na nafasi, alafu ingia kwenye hiyo folda kwa cd kabla ya kuandika amri, kwa sababu ukiandika njia ndefu yenye C: ile nukta mbili inachanganya kichujio cha maandishi (ile subtitles= kwenye amri) na hakifungui faili. Save srt yako kwa UTF-8, ni namna ya kuhifadhi herufi, unaichagua pale unaposave. Kiswahili hakina herufi ngumu ila tuna ng', na kama umeandikia Word ile alama inapinda, neno ng'ombe likatoka na uchafu katikati. Na ukitaka kujaribu kabla ya muvi nzima ongeza -t 120 kabla ya jina la mwisho, itatoa dakika mbili za mwanzo tu uangalie saizi na rangi. Usijaribu kuruka katikati kwa kuweka -ss mbele, muda wa maandishi unahama unaona maneno ya mwanzo kwenye picha za katikati, unaweza kudhani srt ndo mbovu.

Kuna srt nyingine kweli ni mbovu lakini. Ilitengenezwa kwa muvi ya fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde na wewe yako ni 23.976, mwanzo inaenda sawa, kadri muvi inavyoenda inaachana, kwenye muvi ya saa moja na nusu mwishoni tofauti inakaribia dakika 4. Subtitle Edit, programu ya kuhariri maandishi, ya bure pia, ina sehemu ya kubadilisha hiyo fremu na inanyooka yote kwa mara moja.

Hiyo hiyo Subtitle Edit ndo naandikia Kiswahili changu. Nachukua ya Kiingereza natafsiri mstari kwa mstari, nimejiwekea herufi zisizozidi 35 kwa mstari, na Kiswahili kinarefuka, "I told you" inakuwa "si nilikwambia lakini", kwa hiyo napunguza maneno bila kuua maana, na pale watu wanapoongea haraka nabakiza lile la muhimu. Muvi moja inanichukua siku nne tano nikitoka kazini.

Na hapa ndo nilijifunza kitu ambacho hakuna programu ingeniambia. Muvi ya kwanza ilipokamilika tukaiangalia wote, mimi nimejilaza nyuma yake, kuna sehemu familia inakula alafu wote wanageuka kwa pamoja wanashtuka. Dogo akasimamisha akaniuliza kwa ishara, wameona nini? Mlango ulikuwa umegongwa. Mimi nimesikia, yeye amebaki nje. Nimeandika kila neno walilosema watu na sijaandika mlango. Nikarudia faili lote kuanzia mwanzo, sasa naweka [mlango unagongwa], [simu inaita], [kimya], [muziki wa huzuni], [mbwa anabweka kwa mbali]. Ile kimya aliipenda sana, aliniambia hakujua kama kimya nacho huwa kinasikika kwenye muvi.

Kuhamisha ni rahisi. Unachomeka waya wa USB wa zamani, ule mnene wa mini waliokuwa nao kamera za kizamani, kwenye PSP unaenda mipangilio unachagua kuunganisha USB, kadi inafunguka kwenye kompyuta, unaweka faili ndani ya folda linaloitwa VIDEO, kama halipo unalitengeneza kwa herufi kubwa, lisiwe ndani ya folda lingine. Kadi za Memory Stick halisi ni ghali na nyingi ni feki, mimi natumia adapta ya kuingiza microSD, ya GB 8, niliifomati kwenye PSP yenyewe na haijawahi kusumbua. Kwa kilobiti 500 za picha na 96 za sauti kila sekunde, kama ilivyo kwenye amri, muvi ya dakika 90 inakula kama MB 400, zinaingia 18 hivi. Kwenye kioo kile kidogo ukiongeza zaidi ya hapo huoni tofauti.

Laptopu yangu ni ya zamani, i3 yenye RAM GB 4, muvi moja inatoka kwa dakika kama 20. Umeme ukikatika na betri imekufa unaanza upya, hiyo imenitokea mara mbili.

Lalamiko langu moja kwa FFmpeg ni kwamba maelezo yake yote ni ya Kiingereza na yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua. Nimeandika ya kwangu kwenye daftari kwa Kiswahili, kila alama inafanya nini, na dogo ameanza kulisoma. Jana amenikuta dakika ya 40 ya muvi ya mbwa, nimeandika [mvua inanyesha], akafuta, akaandika [mvua inapiga bati].