Ofisi ya mhasibu jirani na Soko la Majengo: huduma ya kodi kwa wenye kampuni ndogo Dodoma

Kwa miaka mitatu sasa, hesabu za kodi za kampuni yangu ndogo ya kukamua alizeti zimekuwa mikononi mwa ofisi moja ya uhasibu iliyo ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka Soko la Majengo. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninayo ya kuisifu na ya kuilaumu.

Siku ya kwanza, mhasibu, ambaye ni mama wa makamo, hakuanza kwa kuniuliza faida. Alifungua daftari kubwa, akapiga mstari wa wino mwekundu katikati ya ukurasa kwa rula, akaandika "TRA", yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, kushoto na "Halmashauri" kulia, kisha akamwaga mezani stakabadhi zote zilizokuwa kwenye bahasha yangu. Malipo ya awamu ya kodi ya mapato yalikwenda kushoto. Stakabadhi za ushuru wa mazao nilizokatiwa Kondoa na Kongwa nilikonunua alizeti zilikwenda kulia, pamoja na zile za ushuru wa huduma niliolipa Jiji la Dodoma. Alipofika kwenye risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, alinyamaza kidogo, akailaza juu ya mstari wenyewe. "Kaka, hii haina upande," alisema, akanieleza kwamba kodi ya jengo zamani ilikusanywa na halmashauri, ikahamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa tunaponunua umeme.

Thamani ya huduma hii niliiona katika ukurasa uliofuata. Ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara badala ya asilimia 5 ya awali, na ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, vyote ni gharama halali za biashara, kwa hiyo hutolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa faida inayotozwa asilimia 30. Nilipokuwa nikijiandalia hesabu mwenyewe sikuwahi kuvitoa, na hivyo nikailipia serikali kuu kodi kwa fedha ambazo serikali za mitaa zilikwisha kuzichukua. Hakuna aliyeniibia, sikujua tu mamlaka ya mmoja yanaishia wapi na ya mwingine yanaanzia wapi.

Mama huyu hufafanua sheria bila haraka, na hilo ni adimu. Alinionyesha kwamba kwa Ibara ya 138 ya Katiba hakuna kodi inayotozwa bila sheria, na kwamba kodi ya mapato imo katika orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana hata Zanzibar, yenye mamlaka yake ya mapato kwa kodi nyingine, kodi hiyo hukusanywa na TRA. Halmashauri hutoza kile tu ilichoruhusiwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na kwa kuwa ushuru wa huduma hukokotolewa kwenye mauzo, mwaka wa hasara nao unalipiwa. Nilipomuuliza kwa nini Jiji lisipewe kodi yake ya mapato, alinitajia Kanada, ambako majimbo huweka viwango vyao lakini kwa majimbo mengi mkusanyaji ni serikali ya taifa, na Ujerumani, ambako asilimia 15 ya kodi ya mapato ya watu binafsi hurudi kwenye manispaa. Mimi ningeupokea utaratibu wa Ujerumani kwa mikono miwili: faida yangu ikaguliwe mara moja, na sehemu ya kodi irudi kutengeneza barabara inayopita mbele ya kiwanda changu.

Sasa lawama. Mwaka jana ofisi hii ilichelewa kuwasilisha ushuru wangu wa huduma wa robo moja ya mwaka, kwa kuwa kijana aliyekabidhiwa jalada aliukokotoa kwenye faida badala ya mauzo, na ikabidi karatasi zirudiwe. Nililipa adhabu. Mama aliomba radhi na kusamehe ada ya mwezi mmoja, lakini kosa hilo lilikuwa ndani ya somo lenyewe wanalolifundisha, na hadi leo naona halikupaswa kutokea. Ada pia haijabandikwa popote. Kila mteja huambiwa yake kwa mdomo.

Msiende mwezi Juni kama mnaweza kuepuka. Kampuni ambazo mwaka wake wa hesabu huishia Desemba 31 hudaiwa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ndani ya miezi sita, kwa hiyo wiki hizo ngazi yote hujaa watu wenye bahasha. Nendeni Februari, asubuhi, mkiwa na stakabadhi za kila halmashauri mliyonunua mzigo, hata ile ndogo iliyofifia wino, kwa sababu mama huyo huisoma kwa kuinyanyua dirishani na kuiingiza kwenye daftari.