Nimehamia Firefox kwenye simu, kisa friji

Siku moja niliingia saiti ya duka moja la mtandaoni nicheki bei ya friji la milango miwili, nikabonyeza "kubali zote" ili kile kiboksi cha kuki kinipishe, basi wiki mbili nzima friji lile lile linanifuata, nasoma matokeo ya mpira lipo, natafuta jinsi ya kupika vileja lipo, mpaka wife ananiuliza kwani tunanunua friji? Hatununui, hela sina.

Kuki zenyewe, yaani vifaili vidogo ambavyo saiti inaviacha kwenye simu yako ikukumbuke (Google kwa Kiswahili wanaziita vidakuzi, mtaani sijasikia mtu akisema), sio mbaya, ndo zinafanya saiti ikumbuke umeshalogin na kapu lako lina nini. Shida ni zile za kampuni za matangazo ambazo hata hujazitembelea, zimejibandika kwenye saiti kibao na kuki moja inakuona kote unakopita. Firefox, hii brauza niliyohamia, inachofanya ni kuzifungia kuki za kila saiti kivyake, kama wapangaji wa nyumba moja kila mtu na kufuli lake, kwahiyo yule wa matangazo akikukuta kwenye mpira, kuki yake haimwambii kwamba ndo wewe wa friji. Chrome, brauza ya Google, nao 2020 waliahidi wataziondoa hizi kuki, wakasogeza mbele weeee, mwezi wa 7 2024 wakageuka. Google anakula kwa matangazo, ulitegemea nini?

Ninachopenda zaidi ni kale kangao pembeni ya anwani, ukikagusa kanakuonyesha nani kazuiwa kwenye ukurasa ulipo, mara ya kwanza nilibaki nacheka tu, ukurasa wa habari moja watu wote hao! Halafu Firefox inakubali uBlock Origin, ekstensheni (kaprogramu ka kuongezea kwenye brauza) ya kuzuia matangazo, kwenye simu ya Android, Chrome ya simu haikubali ekstensheni. Matangazo hayashuki kabisa so hata bando linapumua.

Kero zipo. Niliweka ulinzi kwenye ile mode kali, saiti moja ya kulipia bili ikagoma, kitufe cha kulipa nabonyeza kimya, nikazima kingao kwa saiti ile tu ikakubali. Ipo pia setting ya kufuta kila kitu ukitoka, ila lazima ubonyeze kutoka kwenye menyu, ukiswaipu tu ukadhani umefuta hujafuta kitu, na ukifuta kweli jiandae kulogin upya kila mahali.

Na msije mkadhani mmekuwa mizimu. Kampuni ya simu bado inaona unaingia saiti gani, na ukijisajili dukani kwa namba yako ya simu hapo umejitaja mwenyewe, hakuna brauza ya kukusaidia.

Naipa nne kwa tano. Friji sijaliona tena.