Wikiendi hii Dar: tiketi ipi ununue na ipi uachane nayo

Kila Alhamisi jioni simu yangu inaanza. Shemeji anauliza, jamaa wa kazini anauliza, hata fundi anayenitengenezea bajaji anauliza, eti wikiendi hii tunaenda wapi, afu mtu anakurushia poster nne kwa mpigo zote zimeandikwa USIKOSE. Nimeona niandike mara moja nimalize. Nimezipanga kuanzia ile ambayo hela yako unaiona imeenda wapi, mpaka ile ambayo hata ukinipa bure nitauliza kwanza nauli ya kurudi analipa nani. Na hapo ndo penyewe, maana sisi wa Dar tunaangalia kiingilio tu, kiingilio buku tano unaona rahisi kumbe hujapiga hesabu ya boda ya saa saba usiku mpaka Tabata. Mi nahesabu kuanzia natoka mlangoni kwangu mpaka narudi mlangoni, na watoto wawili ndani yake.

Namba moja kwangu ni mpira kwa Mkapa, ule Uwanja wa Benjamin Mkapa, tena mzunguko, yani viti vya kawaida. Wasiopenda mpira wanisamehe. Mzunguko mara nyingi ni buku tano, mechi ndogo inashuka hapo, na kwa hela hiyo unakaa kwenye uwanja wa watu 60,000 pale Temeke, jirani na Shamba la Bibi (Uwanja wa Uhuru), unapiga kelele mpaka sauti inakauka na hakuna wa kukuuliza. VIP sikushauri kama unalipa mwenyewe, kule unaona vizuri kweli ila watu wamekaa kama wako mahafali, goli likiingia mtu anapiga makofi mawili anarudi kwenye simu. Mzunguko goli likiingia unakumbatiwa na mtu humjui ana jasho na karanga mkononi.

Ila usichague dabi kama ndo unapeleka watoto mara ya kwanza. Siku ya Simba na Yanga watu wako getini toka asubuhi, jua lote lako, na kutoka ni msukumano. Chagua mechi ya mmoja wao na timu ya mkoani, raha ni ile ile na mtoto anaona mchezo. Tiketi unanunua kwa N-Card, kwa hiyo kadi uwe nayo na hela uiweke mapema, sio unafika getini ndo unaanza kutafuta wakala wakati wimbo wa timu unasikika ndani. Mtu akikufata na tiketi mkononi achana nae, ni mlanguzi huyo au ni mwizi kabisa. Na cheki mechi iko uwanja gani kabla hujatoka, mechi nyingi zinapelekwa KMC pale Mwenge au Azam Complex Chamazi, na we wa Kimara ukijikuta Temeke wakati mpira uko Chamazi hiyo siku imeisha.

Namba mbili treni, SGR, ile ya umeme ya reli mpya, kwenda Moro (Morogoro) na kurudi siku hiyo hiyo. Najua utasema Moro sio Dar, lakini toka ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 mi naihesabu Moro ni kitongoji chetu, unafika chini ya saa mbili, muda ambao kwa gari siku mbaya bado uko Kibaha unaangalia matako ya lori. Daraja la kawaida ni 13,000 kwenda, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya hapo bure. Kwa hiyo mtu mzima kwenda na kurudi 26,000. Sio hela ndogo, ndo maana haijakaa namba moja, ila kwa watoto safari yenyewe ndo sherehe, wangu wa kwanza alikaa ameganda dirishani toka Pugu akihesabu nguzo za umeme mpaka akachanganyikiwa akaanza upya.

Kosa moja usifanye, nililifanya mimi: kununua ya kwenda tu ukisema ya kurudi nitaikuta. Jumapili jioni zimejaa, tukaishia kugombania basi Msamvu na mtoto amelala begani. Nunua zote mbili kwa pamoja, siku kadhaa kabla, na beba kitambulisho. Stesheni ya Moro iko Kihonda, nje ya mji kidogo, chukua daladala au bajaji mpaka mjini, pitia soko la Chifu Kingalu ununue ndizi na viungo vya Uluguru, kaa mahali unaangalia milima ule wali nyama, inatosha. Wanaojaribu kupanda mlima na kurudi na treni ya jioni siku hiyo hiyo mi siwaelewi.

Kisiwa cha Mbudya nimekiweka cha tatu na nimejadiliana sana na wife hapa, yeye anasema ni namba moja. Kwa uzuri anashinda. Mchanga mweupe, maji unaona miguu yako, mibuyu, na ukibahatika unamuona kaa mnazi. Shida ni kwamba bei haiko mahali pamoja: kuna kiingilio cha hifadhi ya bahari, kuna boti toka Kunduchi, kuna banda, kuna chakula, na kila kimoja kina mtu wake. Sasa sikiliza. Boti, patana kichwa kimoja kwenda NA kurudi, na mlipane mkirudi au nusu nusu, usimpe yote. Laifu jaketi uziguse kwa mkono wako kabla hamjapanda, uone kamba inafunga, mtoto avae ya saizi yake sio inayomvuka kichwa. Samaki pia, jamaa atakuja na ndoo ana changu wazuri kabisa macho yanang'aa, we utaonesha kidole tu utasema huyo, hapo umeshakwisha. Uliza bei ya huyo samaki, huyo uliyemuonesha, pamoja na chipsi, pamoja na kachumbari, ukiwa bado umesimama na samaki bado mbichi. Akishaingia kwenye mkaa hamna mazungumzo tena.

Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, angalia upepo, asubuhi bahari imetulia saa tisa mnarudi mmelowa mpaka chupi. Kisiwa cha Bongoyo ni mambo hayo hayo ila boti unapandia Slipway, Msasani, watu wanaokaa huko kwao ni karibu. Kitambulisho beba huku pia, bei ya Mtanzania na ya mgeni ni vitu viwili tofauti.

Namba nne, hii ni ya wakubwa, waacheni watoto kwa bibi: bendi za dansi. Msondo Ngoma wapo toka 1964 walipokuwa NUTA Jazz, Sikinde toka 1978, na bado wanapanda jukwaani kwenye kumbi na baa za mji huu, sehemu inabadilika kwa hiyo uliza kitaa wiki hii wako wapi. Kiingilio kidogo, baa ya kawaida, viti vya plastiki, na kwa hela hiyo unapata tarumbeta na saksafoni za kweli, watu wanapuliza mishipa imetoka shingoni. Kilichonikamata mimi ni wazee. Mzee kavaa viatu vimeng'arishwa unajiona ndani yake, kaingia saa nne usiku, hajakunywa hata soda, kakaa kimya mpaka ule wimbo wake umefika, akainuka, akamshika mkono mama mmoja wa rika lake, wakacheza taratibu bila kuangalia mtu, umeisha akarudi kukaa. Kwa nini namba nne basi? Nauli. Mnatoka usiku mkubwa, mwendokasi hamna, ni boda au taksi ya kwenye app na usiku huo bei yake inapanda.

Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert ni tano, sio kwamba ni pabaya, ni kwamba ukishaenda umeenda. Peleka watoto waone habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale lililopatikana 1959, na magari ya Mwalimu, saa moja na nusu mmemaliza. Ukitaka ngoma nenda Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ila uliza kabla kama siku hiyo zinachezwa, bila ngoma ni nyumba za udongo zimenyamaza.

Ya mwisho kabisa, tiketi ya VIP ya shoo za wasanii. Mwaka juzi nilitoa wekundu wa Msimbazi watano, noti za elfu kumi kumi, kwa ajili yangu na wife, sitaji nani maana sitaki kesi. Poster inasema saa kumi na mbili jioni. Msanii kapanda saa nane usiku, kaimba nyimbo nne na za CD, na hiyo VIP ilikuwa ni viti vile vile vya mzunguko vimevalishwa kitambaa cheupe na kamba mbele, afu saa tano kamba imeanguka wote tukawa VIP. Kama lazima uende nunua kawaida, usimame nyuma.

Na kama mwezi umefika kwenye tarehe zake na hela hamna, Coco Beach mihogo ipo, iombe ya moto, pilipili pembeni. Au ile N-Card ya mpira si bado ina salio? Panda mwendokasi mpaka Kivukoni, mtu mmoja kivuko ni 200 kwa kadi hiyo hiyo mpaka Kigamboni, mnashuka mnakula madafu mnarudi. Mtoto wangu yule wa pili anajua hiyo ndo meli ya Zanzibar na mi simbishii.