Volkano ya siki au maharage kwenye pamba?

Maonyesho ya sayansi yakikaribia, mtoto wa darasa la nne huja na wazo moja: volkano. Anafinyanga mlima wa udongo, anaweka magadi shimoni, anamimina siki, povu linafurika na wenzake wanashangilia. Dakika moja, kwisha. Kinachotokea ni sayansi kweli: asidi ya siki inakutana na magadi, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka. Lakini volkano halisi kama Ol Doinyo Lengai ya Tanzania hailipuki kwa siki, na mwamuzi akimwuliza mtoto amegundua nini, mara nyingi hana la kusema.

Maharage hayana kishindo. Chukua makopo matatu yenye pamba, kila moja mbegu tano: la kwanza kavu, la pili lenye unyevu dirishani, la tatu lenye unyevu kabatini. Mtoto aandike kwanza anachotarajia. Wengi husema za kabatini hazitaota. Zinaota! Tena baada ya siku kama kumi miche yake ni mirefu kuliko ya dirishani, ila ni myembamba, ya manjano, imelala. Hapo ndipo mtoto anapokuja mbio jikoni kukuita. Apime kwa rula kila asubuhi na aandike kwa mkono wake mwenyewe, hata kama tarakimu zimepinda. Usimwandikie.

Maharage yanataka wiki mbili. Zikibaki siku tatu, fanyeni volkano, ila iwe na swali: siki vijiko viwili au vinne, povu lipi litapanda zaidi?